Muulize Kima

Watu wa bustani walimwita Karani, ingawa kazi ya ukarani hakuwahi kuifanya. Alikuwa mtunza mbegu. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa ya bustani ya mimea, ukishapita kitalu na banda la mikokoteni. Ndani mlikuwa na kabati la kukaushia, mizani ndogo, chekeche tano za matundu tofauti, na rafu za chupa zenye vifuniko vyekundu. Kila chupa ilikuwa na mbegu za mti mmoja wa asili, pamoja na kifuko cha punje za buluu ambazo zikinyonya unyevu hugeuka rangi ya waridi. Kila Jumatatu alizipitia chupa zote, moja moja, kuona kama kuna kifuko kilichobadilika. Jina la Karani alipewa na mtu mmoja, wengine wakaliokota kwake, na mtu huyo alikuwa Kima.

Kima naye alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini hilo lilibaki kwenye karatasi za ofisini. Alikuwa mpanda miti wa bustani, mwembamba, mwenye mikono mirefu, na akipanda alipanda kimya, kamba begani na gunia kiunoni. Walipoanza kumwita Kima hakukasirika. Alisema kima walau hula kwa jasho lake, si kama wakubwa fulani anaowajua.

Walifanya kazi pamoja miaka ishirini na mmoja. Masika walikuwa bustanini, kila mtu na lake, huyu na sinia zake za kuoteshea, yule na panga lake la kupogolea. Mvua zikikatika na kiangazi kikishika, walipakia kamba, kingoe cha kuvutia matawi, magunia na chupa ya chai kwenye pikapu ya bustani, na dereva akawapeleka kwenye vipande vya msitu vilivyobaki huku na kule, kutafuta mbegu za miti iliyokuwa inakwisha. Kima alipanda, Karani akabaki chini na daftari. Sauti ilishuka kutoka juu, "Andika," kisha zikafuata habari za mti: matunda yameiva upande gani, tawi lipi limekauka, ndege gani wamekwisha tangulia mezani. Naye akaandika. Saa sita walikaa kivulini, chupa moja ya chai, vikombe viwili, maneno machache.

Mwanzoni watu walisema. Mwanamke asiye na mume, na mume wa mtu, siku nzima porini, eti wanachuma mbegu? Wakasema, wakasema, miaka mitano ikapita bila la kuonekana, midomo ikachoka yenyewe. Karani aliolewa ujanani, ndoa ikadumu miezi minane, na tangu hapo aliishi peke yake katika chumba cha kupanga chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kaka yake alikuwa mbali, akimpigia simu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Hakuwa na haja na mume wa mtu. Alichokuwa nacho kwa Kima ni mtu wa kumwambia "umeona?" na mtu huyo akajibu "nimeona."

Katika miti yote waliyoifuata, uliowasumbua zaidi ni ule walioupa jina la mkaidi. Mbao zake nyekundu zilipendwa sana zamani, ikakatwa karibu yote. Bustanini ulikuwepo mmoja, umepandwa kabla yao, na kwa kuwa ulikuwa peke yake ulichanua bila kushika tunda. Msituni walijua mmoja tu uliokuwa bado unazaa, labda kwa chavua iliyoletwa na nyuki kutoka mbali, na huo ulizaa ulipotaka, mara moja katika miaka sita au saba. Kima ndiye aliyejua ulipo. Karani alifika mara mbili, na safari zote mbili Kima aliwapitisha kwenye miiba, wakapinda huku, wakarudi kule, mwendo wa saa tatu. Mbegu za mara ya kwanza hazikuota. Za mara ya pili ziliota, kisha masika yenye mvua nyingi ikaozesha miche yote mashina.

Karani alipotaka kuandika mahali mti ulipo, Kima alikataa. Alisema kitu kikiandikwa kinaota miguu, na wapasua mbao nao wanajua kusoma. Hoja ilikuwa na maana. Basi kwenye daftari, mahali pa kuandika njia, Karani aliandika kwa mwandiko wake mzuri: baada ya kijito cha pili, muulize Kima.

Kima aliugua mwishoni mwa kiangazi. Siku moja alishuka kutoka mtini nusu ya kazi, akaketi chini, akasema mguu mmoja umekuwa mzito kama si wake. Alilazwa. Karani alikwenda kumtazama mara moja, na machungwa sita kwenye mfuko. Mkewe alikuwepo, Mama Pacha, ameketi kitandani upande wa kichwa, na hakukuwa na kiti kingine. Karani alisimama dakika kumi, mkoba kifuani. Kima alimwuliza kama mkaidi wa bustani umechanua. Akamjibu umechanua, umejaa. Kima akafumba macho, akasema na ule mwingine basi umechanua, hesabu miezi minane. Baada ya wiki mbili ofisi ilitangaza kwamba amefariki.

Kwenye mazishi viti vilipangwa kwa mafungu. Kijana wa kuelekeza watu, mwenye kitambaa cheupe mkononi, alimsimamisha Karani mlangoni.

"Wewe ni nani kwa marehemu?"

Karani alifikiri kidogo. Ndugu si ndugu, jirani si jirani.

"Nilikuwa nafanya naye kazi," alisema.

Akaelekezwa safu ya nyuma, pamoja na watu wa ofisini, ambao wengine walikuwa wamemjua Kima kwa kumpa tu kalenda ya mwaka mpya. Wasifu ulisomwa. Walitajwa mke, watoto wawili mapacha, wajukuu, kaka, mashemeji. Kuhusu kazi, msomaji alisema marehemu alikuwa mtumishi wa bustani, akafungua ukurasa mwingine. Gari la ofisi lilikuwa linawahi kurudi, kwa hiyo Karani hakuweza hata kushika mkono wa mjane. Walifika mjini saa tisa. Alikwenda moja kwa moja chumba cha mbegu, akakaa mpaka saa za kufunga bila kufungua kitu.

Ukifiwa na mume watu wanajua la kukufanyia. Ukifiwa na mtu wa aina ya Kima, kesho yake unatakiwa kazini saa mbili kamili, na unakwenda. Mkuu wa bustani, mama mpole mwenye shughuli nyingi, alimpa pole mara moja, akamweleza kwamba nafasi ya mpanda miti haitajazwa mwaka huo. Masika ikaingia. Karani alijaza udongo, akapanda, akaandika vibao. Mara mbili tatu alijikuta amesema "umeona?" kwa sauti, ndani ya chumba kitupu, akanyamaza na kuona haya kana kwamba mtu amemsikia. Jumapili zilikuwa mbaya kuliko siku za kazi. Alifua, akapiga pasi, akamaliza saa nne asubuhi, na siku yote iliyobaki ikamkodolea macho.

Kiangazi kikarudi. Miezi ilikuwa inatimia, na Karani alijua kwamba matunda ya mkaidi yakianguka huliwa na wadudu ndani ya siku chache. Alifungua daftari kutafuta njia. Alisoma maneno yake mwenyewe, akalifunga, akalifungua tena.

Alimwomba dereva waende. Walikwenda mara mbili. Kijito cha kwanza walikiona, cha pili walikiona, na baada ya hapo msitu ukawa ni msitu tu. Hapo ndipo Karani alipotambua kwamba miaka yote ile hakuwa ametazama njia. Alikuwa ametazama visigino vya mtu aliyemtangulia. Safari ya pili walirudi na mikono mitupu, dereva ana michubuko usoni, na akasema kwa upole kwamba yeye ni mtu wa usukani, si wa miiba. Akaongeza kuwa kama kuna mtu anayejua njia za yule bwana, ni mke wake.

Karani alikaa na neno hilo siku tatu. Ya nne akapiga moyo konde, akaenda.

Mama Pacha aliishi kwenye nyumba ya vyumba viwili, mwisho wa barabara ya vumbi yenye maduka ya vipuri. Alifungua mlango, akamtazama mgeni juu hadi chini, akamkaribisha bila kutabasamu. Sebuleni mlikuwa na makochi mawili na picha ya pacha wakiwa na sare za shule. Karani alitoa pole iliyochelewa miezi mingi, akaeleza shida yake kama mtu anayesoma taarifa: mti ni mmoja, matunda yanaanguka, njia aliijua marehemu.

Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua siku moja utakuja," alisema. "Na sikuwa nakungoja kwa wema, nisikudanganye, dada. Humu ndani kila jioni ilikuwa Karani kasema hivi, Karani kaandika vile. Mimi ndiye niliyeolewa, wewe ndiye uliyezungumzwa."

Karani alitazama mikono yake.

"Na huko porini," mjane akauliza, "mimi alinisema nini?"

Lilikuwa swali gumu, kwa sababu Kima hakuwa mtu wa kuleta habari za nyumbani kazini. Karani angeweza kutunga. Alitafuta moyoni kitu cha kweli, hata kiwe kidogo.

"Alisema unaogopa radi," akajibu. "Wingu likijikusanya mchana, hata kazi iwe haijaisha, alikunja kamba. Alisema anawahi nyumbani, maana radi ikipiga hutaki kuwa peke yako."

Mama Pacha aligeuza uso kwenye picha ya pacha. Kisha akainuka, akasogeza pazia la chumba cha pili, akamwambia Karani aingie.

Mlikuwa na kitanda kilichojaza chumba, kizito, chekundu, miguu minene kama ya meza ya fundi. Karani aliinama, akagusa ubao wa kichwani. Vipande vya mbao ile alikuwa navyo viwili kazini, kwenye droo ya sampuli, vimefungwa kwa uzi.

"Huu ni mkaidi," alisema.

"Ndio. Alioupasua yeye."

Kabla ya bustani, Mama Pacha alieleza, Kima alikuwa mpasua mbao. Walikuwa watu wanne, wakipiga kambi msituni, shimo moja, msumeno mmoja, huyu juu na yule chini. Yeye, bibi harusi mpya, aliwapikia misimu miwili. Miti ile nyekundu waliimaliza bonde zima. Waliacha mmoja tu, si kwa huruma. Ulikuwa umepinda na una tundu katikati, haufai mbao. Miaka baadaye bustani ilipotangaza inataka mtu anayejua miti ya asili, Kima alikwenda. Aliwaambia anaijua. Hakuwaambia aliijuaje.

Karani aliketi kwenye ukingo wa kitanda bila kuombwa. Sasa alielewa kwa nini walipitishwa kwenye miiba. Njia ya moja kwa moja ilipita kwenye visiki.

Miaka ishirini na mmoja. Alijua chai yake inataka sukari kiasi gani, alijua goti lipi linamuuma asubuhi, na jambo kubwa kuliko yote hakuambiwa. Tangu mazishi alikuwa ameamini kwamba kilichompotea ni mtu aliyemjua. Pale kitandani alihisi kama ameibiwa hata hicho.

"Usimchukie," Mama Pacha alisema.

"Simchukii. Ila angeniambia."

"Angekuambiaje? Mimi nilijua, wenzake walijua. Alitaka abaki na mtu mmoja duniani asiyejua."

Walikwenda kesho yake asubuhi, wao wawili na dereva. Mama Pacha alivaa ndala za mpira na kanga mbili, akakataa fimbo. Baada ya kijito cha pili hakukata kulia kama walivyofanya Karani na dereva. Alikwenda kushoto, polepole, akisimama na kunusa hewa kama anayetafuta jiko lake la zamani. Hakukuwa na miiba. Mwendo wa dakika arobaini wakafika kwenye shimo la kupasulia, limejaa majani makavu, na kuzunguka hapo visiki, vingine vimeoza na kuota uyoga, vingine bado vigumu. Karani alivihesabu kwa mazoea. Vilikuwa kumi na saba. Hakuviandika.

Mkaidi ulikuwa ng'ambo ya shimo, umepinda kama mzee anayeokota kitu. Matunda yalikuwa yameanza kuanguka. Juu yalionekana mengi, yameiva na ni mazima, na hapakuwa na wa kuyapandia. Dereva alijaribu kingoe, akafikia tawi moja la chini, basi. Kilichobaki ni kuokota.

Wanawake wawili walikaa chini ya mti mpaka jua likapinduka, wakichambua. Tunda lenye kitundu kidogo ni la mdudu, tupa. Lenye uzito mkononi, weka. Mama Pacha alichambua haraka kuliko Karani, vidole vinakwenda kama vya mtu aliyechambua mchele maisha yake yote. Kuna wakati mjane alisimulia kwamba kambini Kima alikuwa akiimba vibaya, wenzake wakamtishia kumfukia kwenye vumbi la mbao. Karani akasema huku bustanini hakuimba kabisa. Wakatazamana, kila mmoja ana Kima wake, na hawa Kima wawili hawakukaa vizuri pamoja. Wakarudi kwenye kuchambua.

Mbegu za mkaidi hazikubali kukaushwa na kuwekwa chupani, zikikauka zimekufa. Jioni ileile Karani alizitia kwenye ndoo ya maji, zilizoelea akazimwaga, zilizozama akazihesabu. Zilikuwa sitini na tatu. Alizipanda kwenye sinia za mchanga, akazifunika kwa majani, akamwomba mkuu wa bustani ruhusa ya kuzimwagilia hata siku za mapumziko. Mkuu alipouliza mti uko wapi, safari hii aliandikiwa njia yote, na karatasi ikafungiwa kwenye sefu yake. Alipouliza Kima aliujuaje, Karani alisema aliujua tangu ujana. Uongo haukuwemo.

Ziliota kumi na tisa. Ya kwanza ilichomoza wiki ya kwanza ya vuli, imebeba ganda lake kichwani. Karani alipiga simu kwa Mama Pacha kabla ya kumwambia mtu yeyote ofisini. Mjane alikuja Jumamosi iliyofuata, akaingia kwa lango la wageni kama watu wengine, akasimama mbele ya sinia. Aliuliza itachukua miaka mingapi kuzaa. Karani akamwambia ishirini na mitano, pengine thelathini. Mama Pacha akacheka kidogo, akasema basi waliopanda wataliwa na mchwa kabla ya mti, lakini si neno. Alipanga kuhamia kwa mmoja wa pacha, nchi jirani; nyumba ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja na radi zake. Karani alimsindikiza mpaka langoni. Walishikana mikono muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Walipigiana simu miezi michache, kisha mara moja kwa msimu, kisha namba ikawa haipatikani.

Miche ilipofika kimo cha goti ilihamishiwa kwenye viriba, vile vifuko vya udongo. Minne ilikufa. Saba ilipandwa ng'ambo ya shimo la kupasulia, na dereva safari hii alibeba jembe bila kunung'unika. Minane ilipandwa bustanini, si mbali na ule uliokuwa peke yake miaka yote. Wageni wanapita hapo wakisukuma watoto kwenye vigari, wanasoma kibao, wanaendelea.

Bado kuna Jumapili. Karani bado anapiga pasi na kumaliza saa nne, na chumba kinamtazama. Mara nyingine hasira humrudia, anamuuliza Kima maswali ambayo hayana wa kuyajibu. Mara nyingine humwona shimoni, kijana, vumbi jekundu machoni, akivuta msumeno wa mtu mwingine, na hasira inamwishia. Hajaamua ni yupi aliyefanya naye kazi. Huenda hataamua.

Jambo moja alilifanya. Masika hii alimwomba mkuu ruhusa ya kuhamisha meza yake ya kuchambulia kutoka chumba cha mbegu hadi banda la kitalu, ambako akina mama watano wanajaza viriba udongo. Alitoa sababu ya mwanga. Akina mama hao wana maneno yao, waume zao, wakwe zao, vikoba vya mtaani, na mwanzoni walipunguza sauti alipofika. Sasa wamemzoea, wanasema mpaka udongo unakwisha. Karani anachambua huku anasikiliza. Juzi mmoja alimgeukia katikati ya hadithi ya shemeji yake, akamwuliza, "Au wewe unaonaje, dada?" Karani alishika mbegu mkononi, akatafuta la kusema, na alipolipata walikuwa wamekwisha hamia habari nyingine. Hakuwakatiza. Aliiweka mbegu kwenye sinia, akachukua ya pili.